Je, wajua kwa nini jaji Mkatoliki nchini Uganda anaweza kutoa talaka bila kuiasi imani yake?

Sensa ya 2014 ilionyesha kwamba asilimia 39.3 ya wananchi wa Uganda ni Wakatoliki. Kwa hesabu hiyo, ni vigumu kupata ofisi ya umma isiyo na Mkatoliki, kuanzia wilayani hadi Mahakama ya Juu. Kila Juni 3, mahujaji wanaotoka Tanzania, Kenya na kila pembe ya Uganda hujaa Namugongo, mahali wanapokumbukwa Mashahidi wa Uganda, na viti vya mbele hukaliwa na mawaziri, majaji na wabunge. Hapo ndipo swali huzuka: kesho huyu akirudi ofisini, atamtii nani, Papa au Katiba?

Mgongano upo, hakuna haja ya kuuficha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 1995 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa. Sheria ya Talaka imekuwapo tangu 1904, na adhabu ya kifo bado imo vitabuni. Kanisa Katoliki, kwa upande wake, halikubali kwamba mahakama yoyote ya dunia inaweza kuvunja ndoa halali ya waamini wake, na tangu Agosti 2018 Katekisimu yake, yaani kitabu cha mafundisho yake, inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Jaji anapoapishwa huapa kutenda haki kwa watu wa kila namna kwa mujibu wa Katiba na sheria, bila woga wala upendeleo. Hakuna mahali kiapo hicho kinapomruhusu kuruka sheria asizozipenda.

Kwa mapadre, Kanisa limekata shauri mapema. Kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa inawakataza kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali. Ndiyo maana Padre Simon Lokodo wa Karamoja, aliyekuwa Waziri wa Maadili na Uadilifu kwa takriban miaka kumi kuanzia 2011, alizuiwa kutoa huduma za kipadre baada ya kuingia katika siasa. Walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, wako upande wa pili kabisa. Kanisa huwahimiza waingie serikalini, bungeni na mahakamani, kwa hiyo mzigo wa dhamiri unawaangukia wao.

Mzigo huo hubebwaje? Wanateolojia wa maadili wana kipimo cha siku nyingi: wanatenganisha kushiriki tendo kwa nia na kushiriki kwa mkono tu. Mwendesha bodaboda aliyepatana na mwizi wagawane mali ana hatia ya wizi hata kama hakuingia ndani ya nyumba. Aliyembeba abiria kwa nauli ya kawaida, bila kuunga mkono alichokwenda kufanya, yuko katika hali nyingine. Bado ataulizwa: ulikuwa karibu kiasi gani na ubaya wenyewe, na ulikuwa na sababu nzito kiasi gani ya kuendelea?

Sasa mweke jaji wetu mezani. Mbele yake kuna ombi la talaka. Mke anaeleza ukatili, ushahidi unatolewa, mume anajibu. Jaji akiridhika, hutoa kwanza amri ya awali, kisha baada ya muda usiopungua miezi 6 huja amri ya mwisho. Amri hiyo inagusa nini hasa? Inagusa mali, malezi ya watoto, na haki ya kila mmoja kufunga ndoa nyingine mbele ya serikali. Mbele ya Kanisa hakijabadilika kitu. Kama wawili hao walifunga ndoa altareni, paroko wao ataendelea kuwahesabu kuwa mume na mke mpaka mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa hiyo haikuwa halali tangu mwanzo. Jaji Mkatoliki anajua hivyo anapotia saini. Anaamua matokeo ya kisheria ya nyumba iliyokwisha kusambaratika, na nia yake si kuwatenganisha watu aliowaunganisha Mungu.

Papa Pio XII aliligusa jambo hili Novemba 1949 alipozungumza na wanasheria Wakatoliki wa Italia. Aliwaambia kwamba jaji hawezi kujificha nyuma ya sheria na kumwachia mtunga sheria lawama zote, wala hawezi kamwe kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo ovu kwa asili yake. Hata hivyo, alikubali kwamba kwa sababu nzito anaweza kutumia sheria isiyolingana na mafundisho ya Kanisa. Januari 2002 Papa Yohane Paulo II alirudia hoja hiyo mbele ya majaji wa Rota ya Roma, mahakama ya Kanisa inayosikiliza kesi za ndoa, akaongeza tofauti ambayo watu wengi huisahau: wakili ana hiari ya kukataa kesi, kwa hiyo anadaiwa zaidi kuliko jaji, ambaye kesi huletewa tu. Mimi naona tofauti hiyo ni ya haki. Jaji akiacha kazi kila linapofika faili la talaka, mama aliyepigwa ndiye atakayezidi kusubiri.

Kwenye adhabu ya kifo mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi sheria haikumwachia jaji nafasi yoyote. Ukimkuta mtu na hatia ya mauaji, adhabu ilikuwa kifo tu. Susan Kigula na wenzake 417, wote waliohukumiwa kunyongwa, waliipinga sheria hiyo, na Januari 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Iliamua pia kwamba aliyekaa miaka 3 bila kunyongwa baada ya rufaa yake ya mwisho abadilishiwe kuwa kifungo cha maisha. Hukumu hiyo haikutaja dini ya mtu, lakini iliwapa majaji wa kila imani nafasi ya kupima, na dhamiri haiwezi kufanya kazi bila nafasi.

Na anayetia saini sheria zenyewe je? Mwaka 1990 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Mkatoliki, alikataa kutia saini sheria iliyoruhusu utoaji mimba. Serikali yake ikamtangaza kuwa hawezi kutawala, mawaziri wakatia saini badala yake, na baada ya siku moja na nusu hivi Bunge likamrudishia madaraka. Katiba ya Uganda isingehitaji kuzunguka hivyo. Chini ya ibara ya 91, mswada ukirudishwa mara mbili na Rais, nalo Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, unakuwa sheria bila saini yake. Rais anabaki na dhamiri yake na wananchi wanabaki na Bunge lao.

Ila mgongano uliomwaga damu hapa kwetu ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye jina lake limepewa soko tunalolizoea kwa jina la Owino, alikuwa Mkatoliki na msimamizi mkuu katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Oktoba 1885 askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe alimkemea mfalme wake: mgeni yule ameuawa bila hata kupewa nafasi ya kujitetea. Novemba 15 mwaka huohuo akakatwa kichwa.

Wa pili ni Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki aliyezaliwa 1922 huko Buddu, katika Buganda. Akiwa kijana alitumikia KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kisha akasoma Lesotho katika chuo cha Kikatoliki kilichoitwa jina la Pio XII huyohuyo, akamalizia sheria London. Wapinzani wa chama chake cha siasa cha DP (Democratic Party) walikiita Dini ya Papa, wakidai kingepeleka nchi Roma. Akawa Waziri Mkuu wa kwanza Machi 1962, na 1971 Idi Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 aliamuru Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiliwe. Septemba 21 watu wa Amin walimtoa ofisini kwake, katika jengo la Mahakama Kuu jijini Kampala, mchana kweupe. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana.

Tazama walichokitetea. Balikuddembe alimtetea kiongozi wa dhehebu lililokuwa likishindana na lake. Kiwanuka alimtetea mgeni ambaye hakuwa na faida yoyote kwa Kanisa wala kwa DP. Hakuna aliyeagizwa na Roma. Kila mmoja alitimiza kazi ya cheo chake kama ilivyopaswa, mshauri akashauri na jaji akaamua, na imani ndiyo iliyomzuia kunyamaza alipoona hatari. Wanaoogopa kwamba Mkatoliki mwenye msimamo atausaliti wadhifa wake wangeanza na watu hawa wawili.

Katiba ya 1995, katika ibara ya 44, imetaja haki nne ambazo hakuna serikali inayoweza kuzipunguza kwa sababu yoyote ile: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na haki ya mshikiliwa kuletwa mbele ya mahakama. Haki ya tatu ndiyo Balikuddembe aliyomdai Mwanga, na ya nne ndiyo Kiwanuka aliyoitolea amri yake mwezi ule wa Septemba.