Kumuuliza hakumpi wazo

Wengi huamini kwamba ukimuuliza mtu mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) kama anawaza kujiua, utakuwa umempandikizia wazo hilo. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linaihesabu imani hii miongoni mwa dhana potofu. Kama wazo lipo, lilikuwapo kabla yako, na mara nyingi mtu hupata nafuu akiona kuna aliyethubutu kulitaja.

Muulize waziwazi, mkiwa wawili: “Siku hizi unawaza kujiua?” Kisha nyamaza, usikilize. (Hapa ndipo wengi wetu huharibu, kwa kukimbilia mawaidha.) Akisema ndiyo, usimwache peke yake; ondoa karibu naye vitu vya hatari, mfike kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Akikuomba iwe siri, usikubali.