Maana ya mchepuo wa damu katika moyo wa kobe, mamba na wanyama wengine

Mchepuo wa damu ni hali ambayo damu iliyomo moyoni, au katika mishipa mikuu inayotoka humo, huacha njia ya mapafu na kuingia njia ya mwili, au huacha njia ya mwili na kurudi mapafuni, kabla ya kukamilisha mzunguko wake. Mzazi wa Kisumu au Nakuru anayeambiwa kliniki kwamba mwanawe ana tundu kwenye moyo huwa anaelezwa hali hiyohiyo, na kwa mtoto huyo ni ugonjwa unaohitaji tiba au uangalizi. Kwa kobe, nyoka na mamba, mchepuo si kasoro hata kidogo. Mara nyingi moyo wa reptilia hufundishwa kana kwamba ni kidato cha katikati cha ngazi inayoanzia kwa samaki na kuishia kwa binadamu, yaani moyo ambao ujenzi wake haujakamilika. Naona mafundisho ya namna hiyo yanamnyima mwanafunzi jambo lenye uzito kuliko yote katika somo hili.

Tuanze na samaki, kwa kuwa kwake hakuna mchepuo wa kuzungumzia. Ukimpasua ngege katika ufuo wa Dunga, utauona moyo wake nyuma tu ya matamvua, upande wa chini: kijinyama chekundu kilichokolea, na mbele yake kifundo cheupe kinachonyumbulika, ambacho hupunguza kishindo cha damu kabla haijafika kwenye matamvua yenyewe. Moyo huo una atiria moja inayopokea damu na ventrikali moja inayoisukuma, na damu hupita humo mara moja tu katika kila mzunguko. Kamongo, samaki wa Ziwa Victoria ambaye hana budi kuibuka juu ya maji ili avute hewa kwa mapafu, tayari ana ukuta unaoigawa atiria yake kwa kiasi fulani, ili damu iliyotoka mapafuni isichanganyike ovyo na iliyotoka mwilini.

Mapafu yalileta shida ambayo matamvua hayakuwa nayo. Damu inayotoka mapafuni hurudi moyoni kwanza, ndipo isukumwe mwilini, kwa hiyo moyo mmoja unahudumia njia mbili zisizofanana. Kwa binadamu mzima mwenye afya, ventrikali ya kushoto husukuma kwa shinikizo linalofikia takriban milimita 120 za zebaki, ilhali ya kulia hufikia takriban 25 tu, kwa sababu ngozi laini ya ndani ya mapafu ingevujisha majimaji kama ingepokea damu kwa nguvu inayohitajika kuifikisha kichwani na miguuni. Chura ana atiria mbili na ventrikali moja isiyogawanyika, lakini kwa kuwa hupumua pia kwa ngozi, damu inayorudi kutoka mwilini huwa tayari imepata oksijeni kiasi, na kuchanganyika kwake hakumdhuru.

Kobe, mijusi na nyoka wana atiria mbili zilizotengana kabisa, na ventrikali moja ambayo ndani yake kuna sehemu tatu zinazowasiliana, zikitenganishwa kwa kiasi na ukingo wa misuli. Kobe wa majini anapozama na kuacha kupumua, mishipa inayoelekea mapafuni hubana, na sehemu kubwa ya damu huchepuka kuelekea mwilini. Akiibuka na kuvuta hewa, mishipa hiyo hufunguka na damu ya mapafuni huongezeka tena. Hivyo hapotezi nguvu kuyapelekea damu mapafu yasiyo na hewa mpya. Kenge na chatu wana ukingo ulioimarika zaidi: ventrikali inapokaza, ukingo huo hukandamizwa kwenye ukuta wa pili, na mapafu hupata shinikizo dogo huku mwili ukipata kubwa, ingawa kwa umbo ventrikali bado ni moja.

Mamba ana vyumba vinne kamili kama sisi, na bado ana mchepuo. Ana aota mbili, yaani mishipa mikuu inayopeleka damu mwilini. Kutoka ventrikali yake ya kulia hutokea mshipa wa mapafu pamoja na aota ya kushoto, ilhali aota ya kulia hutokea ventrikali ya kushoto. Aota hizo mbili zimeunganishwa na kitundu kilichopewa jina la Bartolomeo Panizza, mwanaanatomia wa Italia aliyekieleza mwaka 1833. Penye mlango wa mshipa wa mapafu kuna vinundu vya misuli vinavyoingiliana kama meno. Vikibana, shinikizo la upande wa kulia hupanda na damu yenye oksijeni chache na kaboni dioksidi nyingi huingia aota ya kushoto, ambayo hupeleka sehemu kubwa ya damu yake tumboni. Wapo wanasayansi wanaoeleza kwamba kaboni dioksidi hiyo husaidia kutengeneza asidi ya kuyeyushia mlo mkubwa wenye mifupa. Wengine husisitiza zaidi kuzama majini, na mjadala haujafungwa.

Ndege na mamalia hawana mchepuo huo baada ya kuzaliwa au kuanguliwa, lakini hawakurithi ukuta kamili kutoka kwa babu mmoja. Koo zao zilitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na kila upande ulijijengea ukuta wake. Hata aota ya ndege hupinda kulia na yetu kushoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha sehemu ya kazi hiyo ya ujenzi: katika kiinitete cha kuku na cha panya, jeni ya Tbx5 hufanya kazi kwa nguvu upande wa kushoto wa ventrikali, na ukuta huota penye mpaka wake, kwa mjusi jeni hiyo huenea kote bila mpaka, na kwa kobe hujikusanya upande wa kushoto kwa kiasi tu. Watafiti walipoifanya ienee kote katika ventrikali za panya, panya hao walikuwa na ventrikali moja isiyo na ukuta.