Galaksi mbili juu ya Kitulo, na jinsi moja ilivyosaidia kuipima nyingine

Katikati ya Oktoba, kabla ya mvua, aliyeko Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, saa sita usiku wakati hakuna mwezi anaweza kuona galaksi mbili, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kwa macho matupu. Zima simu kwanza. Jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na kioo cha simu kikiwaka kidogo tu unaanza upya. Tochi ifunge kitambaa chekundu.

Geukia kaskazini utafute nyota nne zilizokaa mraba. Kutoka kona ya chini kulia, shuka kulia hadi nyota inayong'aa sawa na hiyo ya kona, kisha kata kushoto ukishuka kupitia nyota mbili hafifu. Kando ya ile ya pili kuna doa la ukungu, ngumi nne juu ya upeo wa macho ukinyoosha mkono. Usilikodolee, tazama pembeni yake kidogo, ndipo linajitokeza. Hiyo ni Andromeda, galaksi ya kwanza.

Sasa geukia kusini. Achernar ndiyo nyota kali iliyo juu. Chini yake kulia, ngumi mbili na nusu kutoka upeo, kuna Wingu Dogo la Magellan, galaksi ya pili. Kulia kwake kuna kinyota chenye ukungu kinachopoteza wengi: hicho ni kishada cha nyota cha galaksi yetu wenyewe. Moshi wa mashamba yanayochomwa ukitanda, Wingu ndilo hupotea kwanza kwa kuwa liko chini.

Mwanaastronomia Henrietta Leavitt alichunguza picha za Wingu hilo zilizopigwa Arequipa, Peru. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 zinazofifia na kung'aa kwa zamu, kwamba yenye mzunguko mrefu, yaani muda kutoka kung'aa hadi kung'aa tena, ndiyo yenye mwanga mkubwa. Aliweza kuzilinganisha kwa sababu zote ziko karibu umbali mmoja nasi, kama taa za kijiji kimoja huko Usangu zinavyoonekana kutoka mlimani: inayozidi kung'aa ina nguvu kweli, si ukaribu. Hivyo mzunguko wa nyota hukuambia nguvu yake halisi, na ukiilinganisha na jinsi inavyoonekana hafifu unapata umbali wake.

Mwaka 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble aliipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, mzunguko wake siku 31 hivi. Akapata umbali wa karibu miaka nuru 900,000 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka), kumbe ni milioni 2.5. Nyota hizo ziko za aina mbili, na kanuni hiyo ya mzunguko na mwanga ilikuwa imezichanganya. Mwanaastronomia Walter Baade ndiye aliyezitenganisha, akatangaza mwaka 1952.