Tembo walihesabiwa au walikadiriwa?

Kila ripoti ya wanyamapori ikitoka, maneno ni yale yale. Sensa imekamilika, tembo ni elfu kadhaa mia kadhaa na thelathini na watatu, safari iliyopita walikuwa pungufu, basi wameongezeka. Halafu anatokea mjuaji mtandaoni anauliza kwa kejeli ni nani aliyemhesabu yule wa thelathini na tatu. Mjuaji huyo ana hoja kumshinda aliyeandika kichwa cha habari, ingawa akiachwa aendelee naye ataharibu, maana hatua yake inayofuata ni kusema kwamba basi namba zote ni za kubuni.

Sensa ni kuhesabu wote. Sampuli ni kuhesabu sehemu iliyochaguliwa kwa kanuni, kisha kutumia hesabu hiyo kukadiria wote. Maana ni hiyo tu, na hakuna anayeshindwa kuielewa. Shida ni kwamba zote mbili zinaitwa sensa, na msikilizaji anajua sensa moja tu: ile ya karani anayebisha hodi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilitoa Watanzania 61,741,120, na namba hiyo ina haki ya kuishia na ishirini kwa sababu nia ilikuwa kufika kila kaya. Tembo hana kaya, wala hana mjumbe wa nyumba kumi wa kumwonyesha karani njia.

Wapo wanyama wanaofanyiwa sensa ya kweli. Kenya ilipotoa matokeo ya hesabu yake ya kitaifa ya mwaka 2021, ripoti ilikuwa na faru 1,739 na tembo 36,280. Ukizisoma gazetini unadhani ni namba za aina moja. Sivyo. Faru wanalindwa na kufuatiliwa mmoja mmoja, wengi wamekatwa alama masikioni, na askari anaweza kukuambia fulani alionekana wapi mara ya mwisho. Wale faru weupe wa kaskazini waliobaki duniani, Najin na binti yake Fatu wa hifadhi ya Ol Pejeta, ni wawili, na hakuna haja ya mtu wa takwimu kuthibitisha hilo. Tembo ni habari nyingine: wanatembea, wanavuka mipaka, wanasimama chini ya miti, na wanatazamwa na mtu aliye ndani ya ndege inayokimbia.

Na hiyo ndege ndipo pa kuanzia, kwa sababu wengi hudhani rubani anazunguka hifadhi yote huku wenzake wakihesabu mpaka wamalize. Kwa maeneo madogo ya wazi hufanyika kitu cha namna hiyo. Kwa mapori makubwa kama Selous au Ruaha, njia iliyozoeleka ni kuruka kwenye mistari iliyonyooka na sambamba, inayoitwa transekti, kwa urefu wa mita mia moja hivi kutoka ardhini. Kwenye mhimili wa bawa, kila upande, zimefungwa fito mbili. Mwangalizi wa kiti cha nyuma anatazama katikati ya fito hizo tu. Kwa urefu ule, nafasi iliyo kati yake inafunika ukanda wa ardhi wenye upana wa kama mita 150. Tembo akiwa ndani ya fito anatajwa kwenye kinasa sauti. Akiwa nje, hata awe dume la pembe za kugusa majani, hahesabiwi. Kundi likizidi wanyama kumi hivi linapigwa picha ili lihesabiwe vizuri baadaye mezani. Mbele, mwingine anasoma kipimo cha urefu kila baada ya muda mfupi, kwa sababu ndege ikipanda kidogo ukanda unapanuka na hesabu yote inabadilika.

Sasa tupige hesabu. Mita 150 kushoto na 150 kulia ni mita 300. Mistari ikiwa imeachana kilomita tano, umetazama mita 300 katika kila 5,000, yaani asilimia 6 ya pori. Asilimia 94 hukuitazama kabisa. Tuseme ndani ya fito mmeona tembo 900. Makadirio ni 15,000. Hakuna aliyewaona hao 15,000, na hakuna aliyedanganya. Lakini angalia hili: familia moja ya tembo 30 ikiamua asubuhi ile kunywa maji upande wa pili wa korongo, nje kidogo ya ukanda, makadirio yanashuka kwa 500. Ikirudi ndani, yanapanda kwa 500. Hakuna aliyezaliwa wala aliyeuawa.

Ndiyo maana kila makadirio ya sampuli huandikwa na mwenzake, ile namba ya pembeni yenye alama ya jumlisha na toa. Inakueleza kwamba kama mngeruka upya mistari hiyo hiyo ikiwa imesogezwa kilomita moja mashariki, jibu lingeyumba kiasi gani. Njia ya kuipata katika hesabu za ndege ilielezwa vizuri na mwanatakwimu G. M. Jolly mwaka 1969, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, kwa hiyo hatuwezi hata kusingizia kwamba ni mambo ya mbali. Sasa chukua makadirio mawili, 15,000 jumlisha-toa 2,000, na miaka minne baadaye 16,500 jumlisha-toa 2,200. Ofisi ya habari itaandika tembo 1,500 wameongezeka. Ripoti yenyewe haijasema hivyo. Imesema haijui kama wameongezeka, maana ya kwanza inaweza kufika 17,000 na ya pili inaweza kushuka hadi 14,300.

Namba kamili hadi ya mwisho ina mvuto wake, nakubali. Mwanzoni mwa 1958 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walipaa juu ya Serengeti na ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya punda, wakajaribu kuhesabu wanyama wote. Walipata jumla ya 366,980, nyumbu wakiwa 99,481. Ilikuwa kazi ya kishujaa, na Michael alifariki Januari 1959 ndege ilipogongana na tumbusi. Lakini mwaka 1961 hesabu nyingine ya angani ikatoa nyumbu zaidi ya 200,000. Nyumbu wa Serengeti, pamoja na simba, fisi na ndama wanaosombwa na mito, hawaongezeki mara mbili kwa miaka mitatu. Ni kweli waliongezeka sana baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua, kudhibitiwa, ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni ya miaka iliyofuata. Kilichotokea ni kwamba ile moja ya mwisho kwenye 99,481 haikuwa na uzito wowote. Kuhesabu wote bila kujua umekosa wangapi kunakupa namba nadhifu isiyo na jumlisha-toa, na hiyo ni hatari kuliko sampuli inayokiri mashaka yake.

Jambo hilo limejirudia juzi tu. Kwa miongo kadhaa tumezoea kusikia nyumbu wanaohama ni kama milioni 1.3. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti za 2022 na 2023, zikisomwa na akili mnemba, wakatangaza chini ya 600,000. Nikaona watu wanauliza nusu imekufa lini. Mizoga laki saba ingeonekana, jamani, na tumbusi wangetuambia. Hizo ni njia mbili tofauti. Ya zamani hupiga picha sehemu ya makundi na kuzidisha. Hii mpya inasaka vidoadoa kwenye picha za eneo lote ambalo setilaiti iliweza kulifunika, na nyumbu aliye chini ya mti au nje ya picha hayumo. Kuweka namba mbili hizo kwenye mchoro mmoja na kuchora mshale wa kushuka ni kulinganisha vipimo, si nyumbu.

Kwenye mimea kosa huja kwa mlango mwingine. Kwadrati ni kipande cha ardhi chenye ukubwa unaojulikana, ndani yake unahesabu kila mmea. Ilianza kutumika hivyo Nebraska, Marekani, mwaka 1898, kwa Frederic Clements na Roscoe Pound, yule ambaye baadaye aliacha majani akawa mkuu wa kitivo cha sheria Harvard. Walikuwa wakiamini kwamba kwa kutembea mbugani na kutazama tu wanajua mmea upi umetawala. Walipohesabu, macho yalikuwa yamewadanganya.

Leo wanafunzi wanaandika “tulichukua sampuli nasibu”, yaani kila sehemu ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na ukiwauliza wamefanyaje, wanasema walirusha fremu ya mbao nyuma ya bega, ilipoangukia ndipo. Huko ni kuchagua kiholela. Mkono unajua kichaka cha miiba kiko wapi, na bega halirushi fremu kwenye tope. Nasibu ni kutandaza tepu mbili zinazokutana kwa pembe mraba, kutoa namba kwenye jedwali la namba nasibu, kisha kwenda pale namba ziliposema, hata kama ni katikati ya upupu. Kanuni inafika mpaka ukingoni: mche uliosimama juu ya uzi wa mpaka unaingia au hauingii? Unaamua kabla hujaanza, kwa mfano ya upande wa kaskazini na magharibi inaingia, ya kusini na mashariki inabaki nje. Ukiamua mche kwa mche, utaingiza ile unayoipenda.

Sasa nirudi kwa mjuaji wetu, anayemaliza kwa kusema “kumbe ni makadirio tu”. Hiyo “tu” inaniudhi kuliko kichwa cha habari. Sampuli hizo hizo ndizo zilizoonyesha tembo wa Tanzania kushuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na wa Selous kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi karibu 13,000 mwaka 2013. Pengo hilo halimezwi na jumlisha-toa yoyote. Waangalizi wale wale huhesabu pia mizoga, na katika hesabu za tembo, mizoga ikizidi asilimia 8 ya jumla ya walio hai na waliokufa, huwa ni dalili kwamba vifo vinazidi vizazi. Makadirio yalitosha kabisa kujua kwamba kuna ujangili wa kutisha. Hayatoshi kujua kama mwaka huu wamezidi 300.

Neno sensa liacheni kwenye jalada la ripoti, limeshazoeleka na sina nguvu za kuling'oa. Ninachoomba kwa anayeandika habari ni aya ya kwanza tu. Badala ya “tembo wafikia 16,532”, andika “tembo wanakadiriwa kuwa kati ya 14,000 na 19,000, kwa hesabu ya ndege iliyotazama asilimia 6 ya eneo”. Yanaongezeka maneno machache tu. Na kabla ya kuandika “wameongezeka”, fungua ripoti iliyopita uone kama waliruka kwa njia ile ile na msimu ule ule, kwa sababu tembo wa kiangazi wanaonekana kwa urahisi kuliko wa masika, majani yakiwa yamefunga.