Muda usipoisha, je, kila kitu kitajirudia?

Jumamosi iliyopita, hapa Jinja, Uganda, nilikuwa nimesimama chini ya mwembe nikitazama watu wakicheza omweso, bao la huku kwetu. Mzee mmoja aliyekuwa anaelekea kufungwa akanigeukia: "Mwalimu, si mnasema muda hauna mwisho? Basi mchezo huuhuu utarudi, na siku hiyo nitashinda mimi." Anajua nafundisha hesabu. Wote walicheka, nami nikacheka, ila swali likanibana, maana nusu yake ni kweli.

Ubao wa omweso una mashimo 32 na kete 64. Njia za kuzigawa kete hizo mashimoni ni nyingi ajabu: andika 1, kisha sifuri kama 25. Hata hivyo zina kikomo. Cheza bila kukoma na itafika zamu utakayorudia mpangilio uliokwisha kuuona, kama vile wageni 33 wasivyoweza kulala vyumba 32 bila wawili kubanana. Lakini hapo nimethibitisha kwamba mpangilio *fulani* utajirudia, basi. Mchezo unaweza kuzunguka milele ndani ya mipangilio kumi tu, na ushindi wa mzee usiwemo.

Kikomo kikiondoka, hata hicho kidogo tunakikosa. Chukua 0.101001000100001… kila mara ukiongeza sifuri moja. Desimali hiyo haiishi, haiingii kwenye mzunguko, na ungoje hadi kiama, tarakimu 7 huioni.

Je, tukiacha mambo yaende kwa bahati tu? Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1921 mwanahisabati George Pólya alichunguza mwendo wa kubahatisha. Fikiria mtu wa bodaboda katika mji usio na mwisho, barabara zake za mraba, na kila njia panda anarusha shilingi mbili kuchagua upande. Stejini alikoanzia atarudi kwa hakika, ingawa wastani wa muda wa kumngoja hauna kikomo (abiria, tafuta pikipiki nyingine). Sasa mpe kaloli, yule korongo mkubwa, mchezo huohuo, naye anaweza pia kupanda na kushuka. Uwezekano wake wa kurudi alikoanzia ni kama 34% tu. Muda ni uleule, kilichoongezeka ni nafasi ya kupotelea.

Wanafizikia walishalumbana juu ya hili. Mwaka 1890 Henri Poincaré alithibitisha kwamba mfumo uliofungwa, wenye nishati isiyobadilika na nafasi yenye mipaka, karibu kila mara hurudi jirani kabisa na ulikoanzia. Mwaka 1896 Ernst Zermelo akamshika nayo Ludwig Boltzmann, aliyekuwa akieleza kwa nini joto husambaa: kama kila kitu hurudi, mbona joto likisambaa hatulioni likirudi? Boltzmann akajibu kwamba litarudi, ila muda wa kungoja ni mrefu kupita akili. Miaka bilioni 13.8 ya ulimwengu wetu si kitu mbele yake.

Na ulimwengu wenyewe si sanduku lililofungwa. Unatanuka, na tangu 1998 tunajua unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Galaksi zinazotuacha hazina ukuta wa kuzirudisha.

Mzee nilimweleza habari ya mashimo tu. Kwenye galaksi sikufika: alikuwa ameshafungwa, anapanga kete upya.