Kinanda cha mabomba kikinyamaza, bado hakijafa

Sisi tunaoimba kwaya kwa Kiswahili hapa Kampala tumeshasikia maneno haya: mabomba ya kinanda cha kanisa, yale yanayolia kwa upepo, yamezeeka, yauzwe kama chuma chakavu, kinunuliwe kinanda cha umeme. Huniuma sana, kwa sababu si mabomba yanayozeeka. Mengi ni bati lililochanganywa na madini ya risasi, mengine ni mbao, na huko Sion, Uswisi, yapo ya karne ya 15 yanayolia hadi leo.

Kinachochoka ni ngozi. Ndani ya kinanda, mvukuto mkubwa unaotunza upepo umeungwa kwa ngozi laini, na katika vinanda vingi kuna vimvukuto vidogo vya ngozi vinavyofungua vilango chini ya mabomba. Ngozi ikikauka na kupasuka, upepo unavuja, noti inanyamaza. Takataka ikikwama kwenye kilango, noti inalia mfululizo hata mpigaji akishainua kidole, na mahubiri yanasimama. Fundi wa kukijenga upya hubandua ngozi kuukuu, hubandika mpya, huosha mabomba na kunyoosha yaliyopinda. Sauti mliyoizoea inabaki.

Wengi pia hudhani mabomba yanayong'aa mbele ndiyo yote. Nyuma yake huwa kuna mamia, marefu kumpita mtu na mafupi kama kalamu, na pengine yale ya mbele ni pambo tu. Kila bomba lina noti moja, kama enkwanzi, zile filimbi za Busoga zinazofungwa pamoja. Mengi hulia kama filimbi; mengine yana ulimi wa shaba, ndugu wa zumari.

Ati ni chombo cha Wazungu? Cha kwanza kinachojulikana kilibuniwa na Ktesibio, Mgiriki wa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Alexandria iko karibu na mdomo wa Nile, mto huuhuu unaotoka Jinja, hapa Uganda. Kwa hiyo kile cha Namirembe, Kampala, katika kanisa kuu lililokamilika 1919, hakiko ugenini.

Na kikisikika kimepotoka adhuhuri, msikimbilie kukirekebisha. Joto hupandisha sauti ya mabomba yanayolia kama filimbi, yale yenye ulimi hayapandi nayo, basi yanagombana mpaka kanisa lipoe. Hata joto la kiganja linatosha: shika bomba dogo kidogo tu, kisha piga noti yake. Imepanda. Fundi mzuri akishaligusa huliacha lipoe kwanza, ndipo asikilize.