Vizibo vya soda na kiti cha gavana Marsabit

Nikiulizwa kwa nini watu hupiga kura kwa kabila, huanza na sheria ya ushindi. Rais wa Kenya lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Gavana hana sharti hilo. Ibara ya 180 ya Katiba ya 2010 inampa kiti anayepata kura nyingi kuliko wenzake, hata zikiwa asilimia 35, na hakuna duru ya pili. Kabila kubwa likishikamana na mengine yakagawanyika, mchezo umekwisha.

Katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuna Waborana, Wagabbra, Warendille, Waburji, Wasamburu, Waturkana, Wael Molo na wengine, na hakuna kabila lenye nusu ya wapiga kura. Mwaka 2013, Warendille, Wagabbra na Waburji waliungana kwa jina la REGABU, na Ukur Yatani, Mgabbra, akawa gavana wa kwanza. Mwaka 2017 kiti kikaenda kwa Mohamud Ali, Mborana, ambaye alikitetea tena 2022.

Mzee mmoja wa mjini Marsabit alinipa somo hili kwa vizibo vya soda juu ya meza ya hoteli ya chai. Kizibo kimoja gavana, cha pili naibu, cha tatu seneta, cha nne mwakilishi wa wanawake, kisha vinne vya wabunge: Moyale, North Horr, Saku na Laisamis. Akawa anavisogeza: hawa wakichukua hiki, wale watataka kile. Sera za wagombea hazikutajwa hata mara moja, na sikumlaumu. Ukame ukibana, kuna mtu ofisini anayeamua lori la maji lianzie kijiji gani. Kuna anayegawa basari, yaani fedha za karo, na anayechagua zahanati itakapojengwa. Mfugaji aliyewahi kungoja lori hilo wiki mbili humtaka mtu anayejua njia ya kwao.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Naiunga mkono kwa moyo wote, ila haifiki kwenye lori la maji.

Wapo wanaosema wazee wa jamii wakishakubaliana nani achukue kiti, kura ni kutia muhuri tu. Kaunti ya Mandera inawapinga. Mwaka 2017 wazee wa Wagarre, jamii ya huko, walimtaka Gavana Ali Roba aachie mwingine baada ya muhula mmoja. Alikataa, akasimama, akashinda. Hata hivyo, mapatano ya wazee yana dosari inayoniuma: wanawake na vijana kwa kawaida huletewa majina yaliyokwisha pangwa.

Halafu kuna Wael Molo, wavuvi wa Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Ni takriban 1,100 tu, watoto wakiwamo. Katiba inatenga viti vya uteuzi katika bunge la kaunti kwa makundi yaliyotengwa, lakini majina hutoka kwa vyama, na vyama hupiga hesabu ileile. Nilimuuliza mzee kizibo cha Wael Molo kiko wapi. Aliitazama meza kwa muda, kisha akanieleza kwamba wao huhesabiwa ndani ya Laisamis.